Kuachwa, Divai na Waimbaji Wanne wa Bucharest: Uanze na Nani?

Mtu akisikia habari za muziki wa lăutari wa Romania kwa mara ya kwanza, mara nyingi huwa ameelekezwa kwa Taraf de Haïdouks, wale wazee wa kijiji cha Clejani walioanza kuzunguka dunia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Fidla zinakimbizana, miguu haitulii, na Nicolae Neacșu anavuta unywele wa farasi uliofungwa kwenye uzi wa fidla yake hadi ukwaruze. Ni wazuri sana. Lakini kama umeachwa, au umeacha na sasa unajuta, hao si wa kuanza nao. Wewe unatafuta nyimbo za mjini, za mezani, zile ambazo Waromania wenyewe huziita za inimă albastră, moyo wa buluu. Humo ndimo mapenzi yaliyouma na glasi ya divai vinapokaa kiti kimoja.

Nimewachagua wanne wa kulinganisha: Maria Tănase, Romica Puceanu, Dona Dumitru Siminică na Gabi Luncă. Wapo wengine, na baadhi nitawataja, ila hawa wanne wanatosha kukuonyesha njia. Niseme mapema kwamba sitawatendea sawa. Nina ninayempenda kuliko wengine.

Kwanza mambo machache ya kukufungua masikio. Lăutari ni wanamuziki wa kazi, wengi wao Waroma (wale ambao kwa Kiingereza huitwa Gypsies), na ufundi wao hurithiwa baba kwa mwana bila karatasi ya nota. Katika Wallachia, ambako Bucharest imo, na Moldavia, maeneo mawili yaliyokuja kuungana kuwa Romania, Waroma walikuwa watumwa wa dola, wa nyumba za watawa na wa makabaila mpaka 1855 na 1856, na mtumwa aliyejua kupiga fidla alikuwa mali ya kujivunia. Walipoachiwa huru wengi walikwenda kuishi pembezoni mwa miji, kwenye mitaa inayoitwa mahala. Huko, kwenye vilabu vya divai, kwenye bustani za migahawa wakati wa kiangazi, na zaidi ya kote kwenye harusi, muziki huu ulikomaa.

Aliyelelewa na taarabu hatajiona mgeni. Wallachia ilitawaliwa na Wafanarioti, yaani Wagiriki waliotumwa na Istanbul, kuanzia 1716 hadi 1821, na kwa njia hiyo ladha ya muziki wa Kituruki ikazama Bucharest. Maqamu ile ile ya Hijaz ambayo Zanzibar iliizoea kwa njia ya Misri utaikuta huku ikitoka kwenye kodiani. Utaisikia pia țambal: nyuzi za chuma zilizolazwa juu ya sanduku, jamaa wa ganuni, isipokuwa hii hupigwa kwa vijiti viwili. Hata kutunza kupo. Mteja anaagiza wimbo, anataja jina la anayetaka aimbiwe, kisha noti inabandikwa kwenye paji la uso la mpigaji au inachomekwa kwenye ala yake.

Kazi za lăutari zina mafungu mawili makubwa. Kuna za kucheza, kama hora na sârba, na kuna za kusikiliza, de ascultare, ambazo hazichezwi. Kwenye hizi za pili watu wanabaki vitini, mtu anashika shavu, mwingine anazungusha glasi, na mwimbaji anapita meza kwa meza. Humu ndimo tutakamofanya uchaguzi wetu, na kigezo changu ni kimoja tu: divai ina kazi gani ndani ya wimbo? Wageni hudhani ni ya kusahaulia. Nikiwasikiliza hawa, naona ni nadra iwe hivyo.

Tuanze na Maria Tănase, kwa sababu ndiye jina kubwa kuliko yote na ndiye utakayeshauriwa na kila mtu. Alizaliwa Bucharest 1913, kwenye mtaa wa wafyatua matofali, baba yake mtunza bustani aliyetoka Oltenia. Hakuwa Mroma, na kwa maana kali hakuwa lăutar. Alikuwa mwimbaji na mwigizaji aliyechukua nyimbo za vijijini na za mitaani akazipandisha jukwaani. Alisikika redioni kwa mara ya kwanza 1938, na mwaka uliofuata akapelekwa New York kuimba kwenye Maonyesho ya Dunia. Watafiti wa muziki wa jadi kama Constantin Brăiloiu na Harry Brauner walimsaidia kupata nyimbo na kuzielewa. Alikufa 1963 kwa saratani ya mapafu, kabla hajafikisha miaka 50.

Uigizaji ndio ufunguo wake. Tănase hatamki neno bila kujua uso wake unafanya nini. Sikiliza Cine iubește și lasă, wimbo wa laana kwa anayependa kisha akaacha. Hamlilii aliyeondoka hata kidogo. Anamwomba Mungu amwadhibu: atambae kama nyoka, atembee mwendo wa mdudu, avume kama upepo, awe vumbi la ardhi. Anayasema hayo kwa sauti iliyopoa kabisa, kila konsonanti imenyooka, kama anayesoma hukumu. Ndiyo maana inatisha. Mwimbaji mwingine angepiga kelele pale, na laana ingepungua nguvu.

Na divai? Kwake ni mchezo wa jukwaani. Upo wimbo wake maarufu unaoisifu divai ya rangi ya waridi iliyovunwa mwishoni kabisa mwa vuli, jalidi imeshaanguka, na mnywaji anajigamba kwamba anakunywa sana wala halewi. Unacheka naye. Lakini divai hiyo na ule ukali wa laana havikutani. Kila kimoja kina wimbo wake na vazi lake. Kwa hiyo Tănase ni wa mtu mwenye hasira. Kama bado unaandika ujumbe mrefu usiku halafu unaufuta, anza na huyu. Kama hasira imeshaisha na imebaki huzuni tupu, atakuchosha, kwa sababu hakupi nafasi ya kulegea.

Hapo ndipo Romica Puceanu anapoingia, na sitaficha kwamba huyu ndiye wangu.

Puceanu alikuwa Mroma wa Bucharest, aliyezaliwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Alianza kuimba angali kigoli, na kundi lililomlea ni la ndugu wawili, Aurel na Victor Gore. Shule yake ilikuwa vilabu na harusi. Santuri zilianza kutoka miaka ya 1960 kwenye Electrecord, kampuni ya serikali iliyokuwa peke yake nchini enzi za ukomunisti. Alikufa 1996 kwa ajali ya gari akitoka kuimba kwenye harusi, yaani kazini hadi siku ya mwisho.

Usitegemee mlipuko. Kodiani inaanza peke yake, bila mapigo, inapanda na kushuka kama mtu anayetafuta pa kukaa. Țambal inatetemeka chini yake. Unadhani sasa ataingia, haingii. Anapoingia, anakuwa amechelewa kidogo, nyuma ya ala, na neno la kwanza mara nyingi si neno: ni "of", ule mguno wa Waromania, au "aoleu". Kisha mstari mmoja unaimbwa wote kwa pumzi moja, na kwenye irabu ya mwisho sauti inajikunja mara kadhaa kabla ya kutua. Ikitua, fidla inajibu. Yeye ananyamaza anasikiliza jibu kama mteja mwingine tu pale mezani. Halafu anaendelea.

Katika nyimbo hizi anayelaumiwa si lazima awe yule aliyeondoka. Analaumiwa moyo wenyewe, au bahati, au maadui, dușmani, ambao wamo katika nyimbo za lăutari kama walivyomo katika mipasho yetu. Ujana umepita, mapenzi yamepita, na yule mtu aliyeondoka ni sehemu tu ya hesabu kubwa zaidi. Nadhani ndiyo sababu nyimbo zake hazichakai. Ukimsikiliza ukiwa umeachwa, anakuhusu. Ukimsikiliza miaka mitatu baadaye umeshaoa au kuolewa, bado anakuhusu.

Divai kwa Puceanu si lazima itajwe. Imo kwenye mwendo wa wimbo. Bucharest wakati wa kiangazi watu hunywa șpriț, divai nyeupe iliyochanganywa na maji ya soda kutoka kwenye chupa ya sifoni, na kazi ya ile soda ni kuifanya glasi idumu. Unakaa saa nyingi, hulewi upesi, na huondoki. Nyimbo hizi zimekatwa kwa kipimo hicho. Hazitaki mlevi, mlevi hawezi kusubiri mwimbaji amalize kukunja irabu. Zinataka mtu aliyetulia, ambaye ulimi umelegea kidogo na kichwa bado kipo. (Asiyekunywa hapungukiwi kitu. Chungu cha chai ya tangawizi kinafanya kazi ile ile, kwa kuwa kinachohitajika ni muda.)

Jambo moja la kujua kuhusu rekodi zake, na za wenzake wote wa enzi hiyo: zimebanwa. Santuri ndogo ilikuwa na nafasi ya dakika chache kila upande, na wimbo ambao harusini ungerefushwa kadiri noti zinavyoendelea kutoka ulilazimika kuisha upesi. Tena wakubwa wa utamaduni walipendelea nyimbo za jadi za vijijini zilizosafishwa, mavazi ya asili na tabasamu. Nyimbo za mahala zilionekana za kihuni, na asili ya Kiroma ya waimbaji haikutajwatajwa. Kwa hiyo ukihisi wimbo umeisha kabla hujashiba, hisia yako ni sahihi. Urudie.

Watu wa Bucharest humpambanisha Puceanu na Gabi Luncă, na ubishi huo haujaisha hadi leo. Luncă alizaliwa 1938 huko Vărbilău, mkoa wa Prahova, naye pia katika familia ya lăutari. Mumewe, Ion Onoriu, alikuwa mpiga kodiani hodari aliyempigia na kumtungia, na ukisikiliza kwa makini utasikia ndoa ile ndani ya muziki: kodiani haimkatizi kamwe, inamwekea njia.

Tofauti yao ni hii. Puceanu sauti yake ina mchanga kidogo, imezama chini, haina haraka na wala haikuombi umpende. Luncă sauti yake ni safi, laini, kila kona imepigwa pasi. Puceanu anaimba kama aliyekaa nawe mezani tangu jioni. Luncă anaimba kama aliyebaki nyumbani akisubiri aliyekaa mezani. Mada zake nyingi ni za mama, watoto, nyumba, kungoja, kuvumilia. Huzuni yake ina heshima, na divai karibu haimo kabisa. Ikiwemo, ni ya mwanamume, na yeye ndiye anayelipa gharama yake.

Kuna wanaoona hiyo ni kasoro. Wanasema Luncă ni mtamu mno, hana moto. Mimi sikubaliani nao sana, ila naelewa wanachokosa. Aliyefika kwenye muziki huu akitaka moshi wa klabu na sauti ya saa tisa usiku hatakipata kwa Luncă. Lakini nyimbo za kuachwa nyingi hazikumbuki kwamba walioachwa wengi hawaendi klabu. Wana watoto wa kulaza na kesho ya kuamkia. Kwa hao sijui mwimbaji bora kuliko huyu. Na ni yeye pekee kati ya wanne ambaye unaweza kumweka sebuleni mchana, mama mkwe yupo, bila mtu kuuliza umepatwa na nini.

Maisha yake mwenyewe yalielekea huko huko. Baada ya kuanguka kwa ukomunisti aliokoka, akaachana na nyimbo za kidunia na kubaki kuimba za dini. Alifariki Aprili 2021 kwa Covid. Waliomwandikia rambirambi Romania walirudia nyimbo zile zile alizokuwa ameziacha.

Sasa yule wa nne, ambaye watu wengi hawamfikii. Dona Dumitru Siminică, aliyezaliwa Târgoviște 1926 na kufariki 1979, aliimba kwa sauti ya juu ya kubana, ile ya mwanamume anayeimba kwenye eneo la mwanamke. Usisome jina kabla ya kusikiliza. Wengi wakisikia mstari wa kwanza hawajui kama ni mke au mume, na baada ya mstari wa pili hawajali tena.

Siminică hasukumi. Sauti inaelea juu ya kodiani na țambal bila kutetemeka sana, haipandi kwa ghadhabu, haishuki kwa kwikwi. Wengine watatu, hata Luncă mpole, wana mahali fulani wanapokubana ili uhisi. Huyu hakubani popote. Nimejaribu kueleza kwa nini bado anaumiza kuliko wote, na jibu langu la karibu ni kwamba ameondoa kitu kimoja ambacho waimbaji wanaume wa huzuni hukitegemea: ubabe. Mwanamume mlevi anayelia kwa sauti nzito ya kifua bado anataka umwone kuwa dume. Sauti ya Siminică haina dai hilo. Ni huzuni isiyojitetea.

Divai hapa ni ya mtu mmoja. Sioni meza, sioni rafiki wa kumwagizia nyingine. Kama Puceanu ni wa kusikilizwa mkiwa watatu au wanne, Siminică ni wa vipokea sauti vya masikioni, kwenye basi la usiku. Tahadhari ni kwamba rekodi zake si nyingi na zinafanana. Nyimbo nne mfululizo ni tamu. Kumi ni uzito.

Wengine kwa ufupi. Gică Petrescu (1915–2006) aliimba divai kuliko wote, lakini ni divai ya marafiki, ya mzaha na kugonganisha glasi. Akiachwa, anaagiza chupa na kusimulia kichekesho. Mweke siku ukipona. Ioana Radu ni wa romanța, nyimbo za sebuleni zenye majani ya vuli na barua za kale. Zina uzuri wake, ila mahala haimo. Na manele, muziki wa vinanda vya umeme uliotawala tangu miaka ya 1990 kwa sauti za watu kama Adrian Copilul Minune, Nicolae Guță na Florin Salam, ni mtoto halali wa lăutari, wasomi wa Bucharest wapende wasipende. Mapenzi yanauma humo pia. Tatizo ni kwamba wimbo wa kuachwa hufuatwa na wimbo wa pesa na maadui waliokomeshwa, na kama hujafikia hatua ya kujigamba utahisi umetupwa nje ya gari linalokwenda.

Kuhusu kupata rekodi nzuri: kampuni ya Asphalt Tango ya Berlin imezitoa upya nyingi za Electrecord katika mfululizo mmoja wenye namba, ambapo wa pili ni Puceanu na ndugu Gore, wa tatu ni Siminică, wa tano ni Luncă. Sauti zimesafishwa vizuri bila kuua mkwaruzo. Tănase yupo kila mahali, lakini angalia mwaka: pendelea rekodi zake mwenyewe za zamani, si zile zilizoongezewa okestra nene au midundo ya kisasa.

Hujui Kiromania? Mimi pia nilianza kwa maneno matano: inimă, moyo, dor, hamu ya aliye mbali, noroc, bahati, dușmani, maadui, na ule mguno wa "of". Ukiyakamata hayo unafuata zaidi ya nusu ya nyimbo. Kwa Tănase pekee ningeshauri utafute tafsiri ya mashairi kwanza, kwa sababu kwake neno ndilo linalouma, na ukimsikiliza bila kuelewa unabaki na sauti nzuri tu.

Kwa hiyo, mwenye hasira aende kwa Tănase, na asikilize nyimbo tatu tu. Asiyetaka habari za ulevi, au mwenye nyumba iliyojaa watu, aende kwa Luncă. Aliye peke yake usiku, Siminică. Wengine wote, na hasa wale ambao wana rafiki mmoja aliye tayari kukaa nao hadi saa nane bila kutoa ushauri, waanze na Puceanu. Wasiweke mpangilio wa kuchanganya nyimbo. Waache zifuatane zilivyopangwa, kwa maana baada ya mbili tatu za kusikiliza huwa kodiani inakaza mwendo ghafla na kuingia hora. Harusini hiyo ndiyo saa ya kuinuka vitini, na hata aliyekuwa ameshika shavu huinuka.